Vitambaa Vyeupe vya Shemeji

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, hakai kwenye kiti kabla ya kukifuta. Hata kama umekifuta wewe sasa hivi mbele ya macho yake, atakifuta tena, kisha atakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Mwanzoni mwa ndoa yangu jambo hilo liliniudhi sana, nikadhani ananidharau. Baadaye nikaona hata nyumbani kwake anafuta kiti chake mwenyewe, nikamwacha. Mtu anayewakosea adabu watu wote sawasawa hana dharau, ana tabia.

Mimi ni mnunuzi wa mawe. Nasema mawe kwa sababu ndivyo yanavyoonekana: mekundu, mazito, yanachafua nguo. Waliosoma huyaita madini ya chuma. Nilianza na vyuma chakavu na betri mbovu, nikapanda kwa mdomo wangu na miguu yangu. Nanunua kwa wachimbaji wadogo, narundika uani kwangu, kisha nauzia kiwanda cha kuyeyusha. Katika kazi hii mdomo ndio unaoanza, lakini maabara ndiyo inayomaliza. Na aliyekuwa akishika mashine ya maabara ya mji wetu ni huyu shemeji anayefuta viti.

Watu walimwita Bi Safi. Jina hilo halikuwa la kumsifia tu, lilikuwa na faida. Jiwe lenye chuma kingi bado laweza kuwa takataka likiwa na uchafu mbaya ndani. Mchanga ukizidi, kiwanda kinachoma makaa bure. Salfa ikizidi, chuma kinapasuka kikiwa bado cha moto. Na fosforasi ikizidi, hata chembe tu, chuma kinachotoka huvunjika siku ya baridi kama biskuti. Kiwanda kinaogopa fosforasi kuliko wezi. Kwa hiyo mtu anayeipima lazima awe mtu ambaye muuzaji na mnunuzi wote wawili wanamwamini, na katika mji mzima mtu huyo alikuwa mmoja. Wachimbaji walijua fika kwamba ni shemeji yangu. Hawakulalamika, kwa kuwa waliwahi kumwona akiukataa mzigo wangu mimi mwenyewe, pale pale kwenye dirisha la majibu, mbele ya benchi lililojaa watu. Siku ile sikumsemesha mpaka jioni. Lakini biashara yangu ilikua tangu siku hiyo.

Kazi yake nilikuwa naitazama kupitia mlango wa kioo nilipopeleka sampuli. Jiwe linavunjwa, linakaushwa kwenye oveni, linasagwa kwenye kinu cha umeme mpaka liwe unga laini kama poda ya mtoto. Unga unachanganywa na nta kidogo ili ushikane, unamiminwa ndani ya kikombe kizito cha chuma, na jeki inaushindilia mpaka kinatoka kidonge kipana cha mviringo chenye uso unaong'aa. Uso huo hauguswi hata kwa ukucha.

"Ukigusa umeandika jina lako," aliniambia siku moja niliponyoosha kidole. "Mashine itasoma chumvi ya jasho lako, itadhani ni ya jiwe."

Kabla ya kila sampuli mpya alifuta kile kikombe na kisahani chake cha chini kwa karatasi laini na spiriti, vumbi la mteja wa kwanza lisije likamsingizia mteja wa pili.

Mashine yenyewe inaitwa spektromita. Alinieleza namna inavyofanya kazi, nami nikaelewa kwa lugha yangu ya soko. Unapita katikati ya soko unauliza kwa sauti: nani ana vitunguu? Atakayeitika ndiye anavyo, na ukubwa wa makelele utakuambia wingi wa vitunguu. Mashine inakipiga kidonge kwa eksirei, na kila kilichomo kinaitika kwa mwanga wake, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Chuma kina wake, mchanga una wake. Fosforasi nayo ina wake, lakini sauti yake ni ndogo. Ikiitika kutoka ndani ya kidonge, sauti inafia njiani. Mashine inaisikia ile tu iliyokaa juu kabisa, kwenye ngozi.

Hilo la ngozi nililisikia kwa sikio moja. Halikunihusu, au ndivyo nilivyodhani.

Basi, karatasi zile laini ziliagizwa kutoka mbali, na siku moja zikaisha. Mkuu wa maabara akaandika kuomba nyingine, akajibiwa asubiri. Wenzake shemeji wakaanza kufutia walichokiona: gazeti, pamba iliyochomolewa kwenye mto, hata mkono wa koti. Yeye akaona kinyaa. Alichukua mashuka yake mawili meupe ya zamani, akayakata vipande vya pembe nne, akapinda kingo zake kwa cherehani ili nyuzi zisichomoke. Kila alipomaliza kazi alivibeba nyumbani kwenye mfuko, akavichemsha, akaviloweka, akavifua kwa mikono yake, akavianika. Kamba yake ya nguo ilionekana kana kwamba hospitali imehamia uani kwake. Majirani walipita wakiitazama, naye hakuwazuia.

Sabuni nilimpa mimi. Kulikuwa na duka linafungwa, nikabanana na mwenye duka mpaka akaniachia shehena ya sabuni ya unga kwa bei ya kumliza. Nikampa shemeji gunia zima, bure. Mke wangu alinitazama kama mtu aliyeona kuku akiogelea, maana mimi si mtoaji wa zawadi. Sabuni yenyewe ilikuwa kali, povu lake halikubali kuisha. Na maji ya bomba mtaani kwao huja kwa zamu, kwa hiyo vitambaa alivisuuza mara moja tu na kuvikamua. Vilikauka vikiwa vigumu kidogo, vyenye harufu ya maua.

"Nusa," aliniambia siku moja maabara, akinisogezea kimoja.

Nikanusa. "Unataka niseme nini? Kinanukia."

"Useme kwamba hakuna maabara nyingine yenye vitambaa kama hivi."

"Hakuna," nikasema. Ilikuwa kweli.

Msimu huo wa kiangazi Mama Sululu alileta mzigo wake. Huyu ni kiongozi wa kikundi cha wachimbaji wa kilima cha vichaka, mwanamke mpana, anayevaa kofia ya mgodini juu ya kilemba, na sauti yake haihitaji simu. Kikundi kizima kilikuwa kimechimba kiangazi chote kwa ajili ya mzigo ule mmoja. Mawe ya kilima chao yalikuwa na chuma kizuri, na fosforasi yake siku zote ilikaa chini ya kiwango cha kiwanda, ingawa si mbali sana nacho. Sampuli ikachukuliwa, ikasagwa, ikashindiliwa. Sote tukasubiri kwenye benchi.

Shemeji akafungua dirisha la majibu.

"Mama, fosforasi imezidi."

"Imezidi nini?"

"Kiwango cha kiwanda."

Mama Sululu akasimama. "Mwanangu, kilima ni kile kile. Mwaka jana haikuzidi. Fosforasi ilipanda kilimani kwa miguu?"

Benchi likacheka. Shemeji hakucheka. "Mimi nasoma kilichomo, Mama. Sikiweki."

"Soma tena."

Akasoma tena. Alichukua unga mwingine kutoka mfuko ule ule, akafuta kikombe kwa uangalifu kabisa, mbele ya mlango wa kioo, kila mtu akimwona, kwa kitambaa kipya kilichotoka kwenye droo kikiwa kimekunjwa pembe nne. Akashindilia kidonge cha pili. Jibu likawa lile lile, tena limepanda kidogo.

Hapo ndipo ilipokuja zamu yangu, na mimi sikujua kuikataa zamu. "Mama Sululu," nikasema, "kiwanda hakitaupokea. Mimi naweza kuuchukua, nikauchanganya na mawe safi kidogo kidogo. Kwa hisani tu."

"Hisani yako ina meno."

"Basi uurudishe kilimani."

Alijua kwamba malori ya kukodi hayarudishi mawe kilimani bure, na alijua kwamba najua. Tulivutana. Alinitukana kwa heshima, nikampunguzia kwa heshima, mwisho akakubali bei ya jiwe bovu. Kabla ya kuondoka aligeukia dirisha, akasema kwa ile sauti isiyohitaji simu:

"Shemeji anapima, shemeji ananunua. Sisi wengine tumeitwa kushuhudia harusi?"

Safari hii benchi halikucheka. Nilimwona shemeji akifuta ukingo wa dirisha. Ulikuwa safi.

Mzigo ukamiminwa uani kwangu, kando ya rundo langu jingine, ukingoja malori ya kiwanda.

Siku ya mapumziko shemeji alikuja kwetu kula. Akafuta kiti, akakaa. Mke wangu alikuwa analalamika kuhusu suruali yangu nyeusi ya kutokea, iliyokuwa na michirizi myeupe kama ya chaki mapajani.

"Dada, hebu tazama sabuni ya huyu bwana," akasema. "Suuza, suuza, suuza, haitoki. Inaganda kwenye nguo. Kwenye nyeupe huioni, lakini leta nyeusi uone aibu yake."

Nikasema sabuni ya bei ile ina haki ya kuganda popote inapopenda. Mke wangu akacheka. Shemeji alikuwa ameshika kijiko, akakiweka chini taratibu.

"Gunia lenu liko wapi?"

"Stoo. Kwa nini?"

Aliingia stoo, nikamfuata. Alikuwa amechuchumaa mbele ya gunia, anasoma maandishi madogo ya ubavuni, yale ambayo hakuna mtu duniani anayeyasoma. Kidole chake kilisimama kwenye neno moja. Nikainama nikalisoma: fosfeti.

"Ndiyo nini hiyo?" nikauliza.

"Fosforasi," akasema. "Wameivalisha nguo nyingine."

Chakula chake kilipoa. Aliondoka bila kuaga vizuri, na sisi tukabaki tukitazamana.

Kesho yake alifanya jaribio ambalo angelifanya tangu mwanzo kama angekuwa na sababu ya kujishuku. Alichukua mchanga mweupe wa maabara, uliosafishwa, ambao hauna fosforasi kabisa. Akafuta kikombe kwa kitambaa chake cheupe, akashindilia kidonge cha kwanza. Kisha akanunua pamba mpya kwenye duka la dawa, akaosha kikombe kwa spiriti, akafuta kwa pamba, akashindilia kidonge cha pili. Mchanga wa pamba mashine iliuona ni mchanga tu. Mchanga wa kitambaa ulikuwa na fosforasi.

Kila asubuhi alikuwa akiijaribu mashine kwa kidonge cha kioo kilicholetwa nayo kutoka kiwandani, na kila asubuhi mashine ilijibu sawa. Alikuwa na haki ya kuiamini. Lakini kioo kile hakishindiliwi kwenye kikombe chochote, na hakikuwahi kukutana na kitambaa. Mashine ilikuwa nzima. Sabuni ilitoka kwenye kitambaa, ikakaa kwenye kisahani, ikahamia kwenye uso wa kidonge, pale pale kwenye ngozi mashine inapoisikia fosforasi. Kadiri alivyofuta sana ndivyo alivyopaka sana.

Hayo yote alikuja kunieleza uani kwangu, amesimama kati ya marundo mawili ya mawe mekundu, na koti lake jeupe. Nilimpa kiti akakataa. Hakukifuta hata.

"Wote niliowapima tangu vitambaa vianze," akasema. "Wengine imewapandishia kidogo, haikuwadhuru. Mama Sululu alikuwa karibu na mpaka. Mimi nimemvusha."

Nilifikiri haraka, kama ninavyofikiri siku zote. "Vitambaa umetupa?"

"Nimevichoma."

"Basi yamekwisha. Kuanzia leo pima kwa pamba. Hakuna anayejua."

"Mimi najua."

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha, shemeji. Mwosha ni wewe. Ukinyamaza, nani atafunua sanda?"

"Maiti hana watoto wa kulisha," akasema. "Mama Sululu anao, na kikundi chake kizima kinao."

Nikamweleza kinagaubaga, kwa sababu kuna watu wanaoona namba tu na hawaoni midomo. Nikamwambia: ukifungua kinywa, hawatasema sabuni. Watasema shemeji alipandisha fosforasi, shemeji akashusha bei, jioni wakagawana. Na wakiuliza sabuni ilitoka wapi? Imetoka kwangu, kwa mikono yangu, bure, mimi ambaye sijawahi kutoa kitu bure. Nani ataamini? Hata mimi nikisimuliwa siamini. Jina lako litakwenda, na langu nyuma yake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Shingo yake ilikuwa imejaa mabaka kama ya mtu aliyeumwa na siafu.

"Wakiniita mwizi, sawa," akasema. "Mwizi ni mtu anayejua anachofanya. Hawa watasema mchafu."

Sauti yake ilikatika kwenye neno hilo. Nikatazama mawe. Nilitaka kucheka na sikuweza, kwa maana alikuwa anasema kweli: miaka yote aliyofuta viti vya watu, na uchafu aliusafirisha yeye, kwa mikono yake, umekunjwa pembe nne na unanukia maua.

"Mkuu wako amesemaje?"

"Anataka tuandike barua. 'Kutokana na sababu za kiufundi.' Mama Sululu alipewa jibu lake dirishani mbele ya watu. Akajibiwe kwa barua?"

"Barua ni nzuri. Barua haina uso."

"Ndiyo maana siitaki." Akavuta pumzi. "Siku ya majibu uje. Usimame pale kwenye benchi, watu wakuone. Na usiseme kitu."

"Mimi? Nisiseme kitu?"

"Najua nakuomba jambo kubwa."

Nilikwenda. Msidhani ni wema. Nilikuwa nimepiga hesabu: jambo lenyewe litasemwa nikiwepo au nisiwepo, na mtu asiyekuwepo ndiye anayesemwa zaidi. Mke wangu pia alikuwa ameniambia nisipokwenda nisirudi kulala.

Siku ya majibu benchi lilijaa, wengine wamesimama. Mama Sululu alikuwepo, maana shemeji alimtumia ujumbe aje. Dirisha likafunguliwa, lakini shemeji hakuwa nyuma yake. Alitokea kwa mlango, akaja akasimama mbele ya benchi, upande wetu, bila kioo wala wavu kati yake na watu. Mikono yake hakujua aiweke wapi. Mwisho akaishika mmoja kwa mwingine.

"Majibu ya fosforasi niliyowapa tangu karatasi zilipoisha yana makosa," akasema. "Mashine haina kosa. Nilikuwa nafutia vitambaa nilivyofua nyumbani, na sabuni niliyofulia ina fosforasi. Nilikuwa naipaka kwenye vidonge vyenu. Unga wenu uliobaki upo stoo kwenye mifuko yake, nimeanza kuupima upya, na nitaupima wote."

Halafu mtu nyuma akasema, "Yaani kilima cha Mama Sululu kimefuliwa?"

Benchi likaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya sana mwanzoni, lakini kicheko cha watu wengi hakina breki. Mmoja akauliza kama mawe yake yataanikwa au yatapigwa pasi. Mwingine akasema, "Sasa tumwite Bi Povu." Neno likapokewa kama mpira: Bi Povu, Bi Povu. Shemeji alisimama. Macho aliyaweka kwenye viatu vyake, navyo, kama kawaida, viling'aa.

Mama Sululu hakucheka. Aliinua mkono, na kicheko kikapungua.

"Mwanangu, niambie kitu kimoja. Sabuni hiyo ulinunua wapi?"

Jibu la kuokoka lilikuwepo, jepesi: dukani. Wala usingekuwa uongo mkubwa, sabuni yote duniani hutoka dukani. Mimi mwenyewe midomo ilikuwa inanicheza nimsaidie. Alikuwa ameniomba ninyamaze, nami nikanyamaza. Sijawahi kukaa kimya kwa bei kubwa kiasi kile.

"Sikununua," akasema. "Alinipa shemeji."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nimefukuzwa na mbwa, nimefukuzwa na askari wa soko, lakini macho yale nayakumbuka zaidi. Masikio yalinichoma. Nikatazama mbele kama ng'ombe anayenyeshewa mvua.

"Haa," akasema Mama Sululu, polepole. "Mmoja analeta sabuni, mmoja anafua, na kinachopauka ni kilima changu."

"Wamekula pamoja hao!" mtu akapiga kelele. "Nini sabuni!"

"Mama," shemeji akasema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta, yeye anayefuta kila kitu, "unga wako nimeupima upya kwa pamba safi. Uko chini ya kiwango, kama mwaka jana. Lakini sitaki uniamini mimi. Ingia ndani uone. Shika pamba mwenyewe. Futa kikombe mwenyewe."

Mama Sululu akavua kofia ya mgodini, akampa jirani yake aishike, akaingia. Kupitia mlango wa kioo tulimwona akifuta kile kikombe kwa pamba na spiriti kama anayesugua sufuria iliyoungua. Shemeji alisimama mbali, mikono nyuma. Jeki ikashindilia, kidonge kikaingia mashineni, tukangoja. Alipotoka, Mama Sululu aliirudisha kofia yake kichwani kwanza.

"Kiko chini ya kiwango," akatangaza. "Na nyinyi mnaosema wamekula pamoja, fikirini. Mwizi angesema mashine imeharibika." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe twende uani kwako."

Si wote walioamini. Wapo mpaka leo wanaosema kwamba ile ilikuwa michezo ya familia iliyofichuka, na nimeacha kuwajibu.

Uani kwangu Mama Sululu alipanda juu ya rundo lake, akaketi juu ya mawe.

"Nataka mawe yangu. Uyarudishe kilimani, kwa malori yako."

"Mama Sululu, yatakwenda kilimani kufanya nini? Yaliondoka kule kwa hiari."

"Yatapumzika."

Tulivutana mpaka jua likahama ukuta mmoja kwenda mwingine. Nilijaribu kila nililolijua, na kila nilipofika mahali pazuri alisema neno moja tu, "Sabuni," nikaanguka tena. Mwisho nililipa bei ya jiwe zuri, na kidogo juu yake, kidogo ambacho alikiita "ya kusuuzia." Nililipa kwa sababu mnunuzi mwenye jina bovu huachiwa mawe mabovu. Lakini nakiri kwamba siku ile sikuwa na nguvu zangu za kawaida. Macho ya lile benchi yalikuwa bado yamenikalia mgongoni.

Shemeji hakufukuzwa. Mkuu wa maabara alimpa onyo, akaweka onyo hilo kwenye faili, na mambo yakaisha upande wake. Upande wa shemeji hayakuisha. Alipokuja kwetu tena kula, aliingia, akasalimia, akakaa. Alikaa moja kwa moja, kiti hakukigusa. Mke wangu akaniangalia. Kilikuwa na makombo kile kiti, na aliyaona, akayakalia. Kwenye kamba yake ya nguo hakuanika tena kitu cheupe mahali pa kuonekana na majirani. Akienda sokoni alipitia nyuma, kwenye mtaro, kwa sababu mbele kulikuwa na watoto waliojifunza lile neno.

Alichofanya ni hiki, na hakumuuliza mtu. Kila asubuhi, kabla ya sampuli ya mteja yeyote, hushindilia kidonge cha mchanga mweupe katika kikombe kile kile, kwa pamba ile ile atakayoitumia siku hiyo. Anakisoma. Kisha anakibandika dirishani, upande wa ndani wa wavu, na kipande cha karatasi chenye namba ya fosforasi yake. Mchanga ukiwa na kitu, hakuna kazi mpaka ajue kimetoka wapi. Wachimbaji wanakiita kidonge cha sabuni. Karatasi laini zilishafika zamani, lakini kidonge bado kipo.

Juzi nilikwenda na sampuli zangu asubuhi. Mama Sululu alikuwa amenitangulia, ameegemea dirisha kama baraza la nyumbani kwake.

"Bi Povu! Kidonge cha sabuni kinasemaje leo?"

"Hakuna kitu, Mama," shemeji akajibu kutoka ndani. Aliliitikia jina lile bila kuinua uso, kama mtu anayepokea mzigo aliozoea uzito wake. "Soma mwenyewe, kimebandikwa."

Mama Sululu akasogeza uso karibu na wavu, akasoma, ingawa sote tunajua macho yake hayaoni karibu. "Haya. Nipimie."

Nami nikasogea, nikapitisha mfuko wangu juu ya bega lake. "Shemeji, mimi nina haraka, lori liko nje."

Akaniangalia kupitia wavu. Nyumbani ananiita shemeji, na watoto wangu ni watoto wake.

"Mteja," akasema, "kuna mtu mbele yako. Rudi kwenye benchi."

Mama Sululu alicheka mpaka kofia ikamshuka usoni. Nikarudi kwenye benchi. Lilikuwa na vumbi jekundu la watu wote waliokaa hapo kabla yangu. Nilitoa leso yangu mfukoni, nikaitazama, nikairudisha, nikakaa.